Nipe Mji

Kitendawili.
Tega.
Nilimeza mimi, akaonja mwingine.

Usicheke, Anyika, na usiandike bado.
Egesha pikipiki, jipanguse vumbi la Chavakali,
keti. Kigoda hicho kinayumba, kiegemeze ukutani.
Mwaka wa saba huu unakuja na utepe wako,
unamzungushia Mideva kichwani kama fundi wa kofia,
unammwagia vibao vya rangi mkekani:
chekundu juu ya buluu, buluu juu ya njano.
Wewe unatazama saa.
Mimi natazama vidole vyake.

Kidonge kilikuwa cheupe, na mstari katikati
kama kitu cha kugawana.
Asubuhi kimoja, jioni kimoja,
na mimba ndani ambayo sikuwa nimeijua.
Wiki ya ngapi, unaniuliza tena.
Nilikuwa nahesabu mistari ya mahindi, ndugu yangu.
Andika: palizi ya pili, alikuwa ananitapisha.

Mavyaa alisema, acha hizo chokaa, utazaa chokaa.
Nikaacha siku nne.
Ya tano, kifafa kikanikuta mekoni.
Tazama, kuanzia kiwiko hadi hapa,
ngozi imejikunja kama utando wa maziwa.
Tumbo halikuguswa.
Sista Inyangala, kule Mbale, alinifunga bendeji
akanisukumia kopo mkononi:
"Ukianguka wewe, anaanguka nani?"
Nikarudi kumeza.
Kila nikimeza, namwomba radhi
mtu ambaye masikio yake yalikuwa bado yanaumbwa.

Kilo tatu na robo. Vidole kumi. Sauti ya kutoboa mabati.
Daktari akaandika SALAMA katika kitabu cha kliniki,
akagonga mhuri.
Salama hadi lini?
Kopo lina tarehe ya kuisha, imechapwa kitakoni,
mwezi na mwaka.
Neno la daktari halikuwa na tarehe.

Huyu hapa. Anaparaga mpera kama ngedere,
anajua mbuzi yupi ana mimba kabla mbuzi hajajua.
Lakini b inamgeukia d, na d inamgeukia b,
na mwalimu anasema ni mzito.
Shemeji anasema, si ni vile vidonge?
Na Kisia wa jirani, ambaye mamake
hata ya kichwa hajawahi kumeza,
naye anaandika "dada" akitaka "baba".
Kwa hiyo usiku naamini ni vidonge.
Asubuhi naamini ni darasa la watoto themanini na wawili.
Mchana nina kazi.

Umeshindwa? Kwa desturi unanipa mji.
Ulishanipa Kisumu, ilikokwenda damu ya kisigino chake.
Ukanipa Eldoret, wakampima macho.
Ukanipa Nairobi, zilikokwenda nywele.
Miji imekula, imeshiba, imejifuta mdomo,
na jibu sina hata mimi niliyetega.
Uliona wapi kitendawili cha namna hiyo?

Haya, leta karatasi ya mwaka huu nitie sahihi.
Sitakataa. Kuna msichana mahali fulani,
Luanda, au kule Hamisi, sijui,
ana kopo mkononi leo na hajui kama ni wawili.
Labda huyu wangu atamjibia.

Mideva, rudisha karatasi ya watu.

Hapana, mwache.
Mwache, anasoma.
Ma-dha-ra. Ya mu-da. M-re-fu.
Kidole kinasukuma herufi kama anachunga siafu.
Kwa m-to-to. Ha-ya-ja—

Amefika kwenye b. Amesimama.
Anaikagua tumbo lake limeelekea wapi.
Usimsaidie, Anyika. Weka saa mfukoni.

—ba. I. Ni. Ka.

Hayajabainika.

Mama, nimepata?

Umepata.

Sasa andika.